Mkaguzi Aliyebaki Getini

Kidosho aliamka siku hiyo akiwa tayari amemkasirikia mtu ambaye hata hajafika. Alioga amekasirika, akachana nywele amekasirika, na alipojitazama kwenye kioo akaona kwamba hasira zinampendeza, basi akakasirika zaidi. Anajipendezesha kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya yule yule aliyesimama katikati ya sebule yao wiki tatu zilizopita, akakunja futi yake taratibu, na kutamka mbele ya familia nzima kwamba sakafu haijapita?

"Simsemeshi," alijiambia huku akibadilisha blauzi kwa mara nyingine. "Atapima, ataondoka, basi. Hata chai hapati."

Maskini Kidosho. Jina hilo alipewa na baba yake alipokuwa kichanga, kisha akarefuka mpaka akawapita wote nyumbani, na jina likabaki vile vile. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mtu wa kushinda na pini mdomoni, anayeweza kulitazama dirisha kwa jicho tu akakuambia kitambaa kiasi gani kinatosha. Lakini mambo ya moyo wake mwenyewe yalikuwa yamemshinda kabisa.

Nyumba yao ilikuwa ya kawaida, ila sebule. Marehemu baba yao, aliyeijenga, aliwahi kuona mahali sebule iliyochimbwa chini, ya kuteremka kwa vipandio, ikamwingia kichwani isitoke. Akachimba. Wageni walipokuja walishangaa, naye Baba alisimama juu, mikono kiunoni, akisema, "Karibuni Bondeni!" Jina likashika. Watoto walikulia Bondeni, walifanya kazi za shule Bondeni, na walichapwa Bondeni. Na mwaka huu Mama alianguka Bondeni, akavunjika nyonga.

Tangu atoke hospitali, Mama alikuwa akikaa kwa Kaka, kwenye fleti, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hakulalamika. Lakini kila Kidosho alipokwenda kumwona, swali lilikuwa moja tu: "Bondeni wamefika wapi?"

Maana walikuwa wamekata shauri kuinua sakafu. Fundi alijaza kifusi, akakishindilia, akatandika nailoni ya kuzuia unyevu, akamwaga zege, akapanga vigae, mpaka sebule ikawa sawasawa na chumba cha kulia. Wote wakapiga makofi. Hakuna aliyefikiria kwamba ukiinua sakafu, vingine vyote vinashuka. Madirisha yaliyokuwa kifuani sasa yalikuwa magotini, na nje yake uwanja uko chini kabisa. Mtu mzima akijikwaa pale, safari yake inaishia uani. Mlango wa nyuma nao uliinuliwa, ukajengewa ngazi kwa nje, na ngazi hizo ndizo zilizoleta balaa. Fundi alizipima kabla ya vigae kupangwa ndani. Akasahau unene wa vigae. Kipandio cha juu kikatoka kirefu kuliko wenzake, kwa kiasi ambacho macho hayaoni lakini futi inaona.

Na futi ilikuwa mikononi mwa Mkaguzi.

Hapo ndipo penye uchungu. Kidosho na Mkaguzi walijuana katika ofisi ya ujenzi, siku alipopeleka michoro ya sakafu kuombea kibali, akaiweka mezani juu chini. Mkaguzi hakumcheka. Aliinamisha kichwa chake akaisoma hivyo hivyo ilivyo, kwa uso mkavu, mpaka Kidosho akacheka mwenyewe. Baada ya hapo kila hatua ya kazi ilihitaji ukaguzi, kama kanuni zinavyosema, na kila ukaguzi ulirefuka. Ule wa kifusi, ambao si kazi ya kumaliza hata kikombe cha chai, ulichukua asubuhi nzima. Ule wa zege nusura ufike jioni. Hawakuwa wameambiana neno. Lakini macho yao yalikuwa yamekwisha sema mengi, na Kaka aliyaona.

Kaka alikuwa msimamizi wa ghala, mtu aliyezoea kusema jambo likawa. Siku sakafu ilipokataliwa alimvuta dada yake pembeni.

"Mimi si kipofu," alimwambia. "Nimeona mnavyotazamana. Haya, leo hayo macho yatusaidie. Mfuate umwambie apitishe."

Naye, kwa ajili ya Mama, akamfuata hadi getini.

"Ni kidogo tu," alimwambia Mkaguzi. "Unene wa kigae."

"Najua."

"Mama anataka kurudi nyumbani kwake."

"Najua, Kidosho."

"Basi nifanyie mimi. Kwa ajili yangu."

Mkaguzi alimtazama. "Kwa ajili yako ndiyo siwezi kabisa," alisema.

Kidosho hakusikia kingine zaidi ya siwezi. Machozi yalimjaa, na kwa kuwa hakutaka yaonekane, akaweka ukali mbele. "Basi usirudi tena hapa. Hata kwa kazi usirudi!"

Mkaguzi alipiga simu jioni ile, Kidosho hakupokea. Alipiga tena asubuhi, Kidosho akaitazama simu ikiita mpaka ikachoka. Kisha hakupiga tena. Na hilo la kutopiga tena, kusema kweli, ndilo lililomuuma kuliko sakafu.

Kaka naye alikuwa ametoa neno lake la mwisho. Kazi ikikwama mara ya pili, nyumba inapangishwa, Mama anabaki kwake moja kwa moja. "Na habari za yule bwana," aliongeza, "nisizisikie tena katika familia hii. Mkwe gani anamfungia mama mkwe nje?"

Kwa hiyo asubuhi hii Kidosho alikuwa na mambo mawili kifuani: sakafu ipite, Mama arudi; na huyo mtu aje, apime, aondoke, bila yeye kumtazama hata kidogo.

Gari la Kaka liliingia kwanza. Mama alishuka polepole kwa mkongojo wake, na nyuma yake Kaka akatoa begi kubwa akiwa amekunja uso.

"Mama, begi la nini? Tumekuja kuangalia ukaguzi tu, tunarudi."

"Limezoea kutoka na mimi," alisema Mama. "Nikiliacha litanung'unika."

"Limejaa, Mama. Hata mto wako umo!"

"Ndio huo unaonung'unika."

Kidosho alimkumbatia mama yake, akamkalisha kwenye kiti katika chumba cha kulia, mahali ambapo angeweza kuiona sebule yote. Mama aliitazama polepole, ukuta hadi ukuta. Bondeni hakukuwapo tena. Palikuwa na sakafu moja ndefu iliyonyooka, vigae vya rangi ya maziwa, na madirisha yenye vyuma vipya vya kuzuia mtu asiangukie nje. Mapazia ya zamani yalikuwa yamelala sakafuni marefu kupita kiasi; Kidosho hakuwa na moyo wa kuyakata kabla ya jibu.

"Panapendeza," Mama alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Baba yenu angenuna, lakini panapendeza."

Nje, Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Alikuwa amezivunja zile za kwanza zote na kuzijenga upya, na sasa alikuwa akiweka pimamaji juu ya kila kipandio, anaiondoa, anairudisha tena, kijasho chembamba kikimtoka ingawa jua lilikuwa bado halijawa kali.

"Fundi, utazichubua," Kidosho alimwambia.

"Dada, usinisemeshe. Nikisema nitasahau nilichopima."

Ndipo honi ikasikika. Moyo wa Kidosho ukaruka. Akajinyoosha, akaweka uso wa baridi aliokuwa akiufanyia mazoezi wiki nzima, akaenda kufungua geti. Gari la ofisi ya ujenzi lilisimama, mlango ukafunguliwa, na akashuka mama mmoja mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mabuti yenye matope makavu.

"Hodi hapa! Ndipo penye sebule iliyopandishwa cheo?"

Kidosho alichungulia nyuma yake, ndani ya gari. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Karibu, mama. Lakini... tulikuwa tunamtegemea mkaguzi yule wa kwanza."

"Huyo hayupo kwenye kazi hii tena. Mimi ndiye. Mafundi wananiita Mama Futi, na wengine wananiita majina mengine nikishaondoka." Akacheka peke yake, akapita.

Uso wa baridi ulimtoka Kidosho. Kumbe amekimbia! Alimwambia usirudi, naye hakurudi. Mtu gani anachukua neno la hasira na kulitii namna hiyo? Alifunga geti, akashukuru kwamba Mama Futi alikuwa mbele na hamuoni.

Kaka alikuwa amesimama sebuleni, mikono kifuani. "Afadhali," alisema aliposikia habari. "Yule bwana angetusumbua bure."

"Bure hakuna, baba," alijibu Mama Futi, akivuta futi kutoka kwenye mkoba. "Shikamoo, dada," akamwamkia Mama, ingawa huenda walikuwa rika moja, kisha akaanza kazi.

Hakuwa mtu wa haraka. Alipima kutoka sakafuni hadi darini, huku na kule, kwa sababu sakafu ikipanda chumba kinafupika na kuna kimo ambacho hakiruhusiwi kupungua. Alitikisa vyuma vya madirisha kwa nguvu zake zote, akavikanyaga hata kwa mguu. Aliinama akaangalia soketi za umeme kama zimehamishiwa juu. Kila alipomaliza kitu alitoa mguno, na mguno huo ulikuwa ule ule, uwe wa heri au wa shari. Kaka alianza kutembeatembea. Mama alikaa akiwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili.

"Haya, sasa ngazi," alisema Mama Futi. "Mwenye nyumba anishikie ncha ya futi. Ni nani mwenye nyumba?"

"Mwenyewe ni Mama. Mimi nitakushikia," alisema Kidosho.

Walitoka nje. Fundi alirudi nyuma hadi kwenye ukuta. Kidosho alichuchumaa akashika ncha ya futi chini, na Mama Futi akainama juu yake, miwani ikining'inia.

"Ukichuchumaa hivyo ndipo nakuona vizuri," alisema Mama Futi. "Alituambia wewe ni mrefu, lakini hakusema kiasi hiki."

"Nani aliwaambia?"

"Mwenzako. Inua kidogo. Hapo. Kumbe mkwe wetu ni twiga!"

Kidosho aliachia ncha ya futi, ikaruka ikamrudia Mama Futi mkononi. "Mkwe wenu? Mkwe wa nani?"

"Wa ofisi nzima. Shika, mwanangu, tunapima." Mama Futi aliivuta futi tena. "Au hamtaki watu wajue? Basi pole, maana kule kwetu tunajua wote mpaka mlinzi."

"Mama, mimi sielewi unachosema."

Mama Futi alinyanyuka, akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Wewe si ndiye mchumba wa Mkaguzi?"

Dirishani, kichwa cha Kaka kilitokeza juu ya vile vyuma vipya.

"Mchumba?" Kidosho alisema. Sauti ilitoka nyembamba, si yake. "Hajawahi kuniambia neno kama hilo."

"Yarabi!" Mama Futi alijiziba mdomo kwa mkono wenye futi. "Nimeharibu. Mdomo wangu huu!"

"Mama, tafadhali, sema."

"Sasa nitafanyaje, na nimeshalimwaga?" Aliangalia huku na huko, kana kwamba mhusika angetokea kwenye kifusi. "Sikiliza. Kwetu hairuhusiwi mtu kukagua nyumba ya ndugu yake, wala ya mtu anayefanya naye biashara, wala ya mtu anayetaka kumuoa. Ni mwiko. Basi siku ile alipowakatalia, alirudi ofisini uso umemshuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, na sote tumekaa pale tunakula. Akasema hawezi tena kukanyaga nyumba hii na futi. Mkuu akamuuliza, kwa nini? Undugu? Akasema hapana. Biashara? Hapana. Tukaacha kula."

"Halafu?"

"Halafu akasema, uchumba. Mkuu akamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu leo, ila mwenyewe hajui, na kwa sasa hataki hata kuniona."

Kidosho alikaa kwenye kipandio. Alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Kwa ajili yako ndiyo siwezi kabisa. Alikuwa ameambiwa pale pale getini, kwa maneno ya Mkaguzi mwenyewe, naye akasikia nusu tu.

"Unakalia ngazi ninayoipima," Mama Futi alimkumbusha kwa upole.

"Samahani, mama."

"Usiwe na samahani. Sogea tu."

Kaka alitokea mlangoni, uso umeiva. "Subiri kwanza! Kama huyo ni mtu wenu na huyu ni mkwe wenu, ukaguzi gani huu? Watu watasema mmetupendelea!"

"Mimi sina mchumba hapa, baba," alisema Mama Futi bila kuinua macho. "Labda Fundi, na bado hajanivutia. Ngazi zikiwa mbovu nawakatalia, na mkwe alie. Niacheni nipime."

Akapima kipandio cha chini. Akaguna. Akapima cha pili. Akaguna. Fundi alikuwa ameshafumba macho. Akafika cha juu, kile kile, akaweka futi kutoka kwenye kipandio mpaka juu ya kigae cha sebuleni, akasoma, akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena, akasoma upya. Kidosho alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Mle ndani aliisikia sauti ya mkongojo wa Mama ukisogea juu ya vigae.

"Vyote sawa," alisema Mama Futi. "Imepita."

Fundi aliteleza ukutani akakaa chini na kuanza kucheka. Kidosho alimrukia Mama Futi akamkumbatia pamoja na futi yake, na yule mama akapiga kelele kwamba anavunjwa mbavu. Hata Kaka alishusha pumzi ndefu, akakumbuka kwamba yeye ni mkubwa wa familia, akakaza uso tena.

"Nashukuru," alisema. "Sakafu tumemaliza. Lakini lile jingine siliafiki. Mtu aliyemuweka mama yangu nje ya nyumba yake kwa ajili ya unene wa kigae, leo aje aitwe shemeji yangu? Unene wa kigae!"

"Kigae kilichonivunja mimi kilikuwa chembamba zaidi," ilisema sauti ya Mama.

Wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, pale ambapo zamani palikuwa shimo. Alikuwa amefika mwenyewe, hakushikwa na mtu.

"Kile kipandio cha mwisho cha Bondeni kilikuwa kifupi," alisema. "Baba yenu alipochoka na sakafu ya zamani alipanga vigae vipya juu ya vile vya kwanza. Sakafu ikapanda, kipandio cha chini kikapungua. Nilimwambia. Akanuna siku mbili. Basi nikanyamaza, nikakizoea, mguu ukawa unajua wenyewe. Mpaka siku ile nimebeba trei, nafikiria mambo mengine, mguu ukasahau."

"Mama!" Kaka alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba baba yenu ndiye aliyeniangusha? Alikuwa na raha moja tu ya nyumba yake, na raha yenyewe ndiyo hiyo. Sikutaka mmseme hali hayupo kujitetea."

Kaka alizitazama ngazi mpya, akamtazama mama yake, na uso wake ule wa ghala ukalainika mpaka akafanana na mtoto aliyekuwa akifanya hesabu mle ndani zamani.

"Kwa hiyo angetupitishia..."

"Ningeangukia nje badala ya ndani," Mama alimalizia. "Ndiyo tofauti. Niletee begi langu, mwanangu. Liweke chumbani kwangu."

Kaka alilichukua begi. Alipopita mbele ya dada yake alisimama, akajikuna kisogo. "Huyo mtu wako," alisema kwa sauti ya chini, "anapenda chai ya aina gani?"

"Sukari kidogo."

"Hm. Hata chai anaipima." Akaenda zake na begi, ila Kidosho aliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

"Na mwenyewe yuko wapi?" Mama alimuuliza Mama Futi. "Kama ameweza kuiambia ofisi, atashindwa kuniambia mimi?"

"Yuko nje hapo, dada, ng'ambo ya barabara. Ameomba ruhusa ya kutokuwa kazini leo. Nilimwambia nikiuona hata mkono wake kwenye geti kabla sijamaliza, naifuta kazi yote. Amesimama huko tangu nilipofika."

Kidosho hakungoja kusikia mengine. Alivuka uwanja mbio, viatu vya ndani miguuni, nywele alizozichana kwa hasira zikimfumukia, akafungua geti.

Alikuwa pale kweli, kwenye kivuli cha duka la rangi, mikono mifukoni, shati limemshika mgongoni kwa jasho. Hakuwa na mkoba, hakuwa na futi. Kidosho hakuwahi kumwona hivyo. Alionekana mtu wa kawaida, na kwa sababu hiyo alimpenda pale pale kwa nguvu zaidi kuliko siku zote. Magari mawili yalipita kati yao. Hakuna aliyesogea.

"Mbona umesimama huko?" Kidosho alimuuliza kwa sauti.

"Nimekatazwa kuvuka mpaka wamalize."

"Wamemaliza."

"Na?"

Alitaka kumchelewesha, amtese kidogo, alipie wiki tatu. Lakini uso ulimsaliti. Tabasamu lilikuwa limeshatoka. "Imepita. Mama ameshaingiza begi."

Mkaguzi aliegemea nguzo ya duka, akafumba macho na kupumua. Ndipo Kidosho alipofahamu kwamba mwenzake naye alikuwa na hofu, pengine kumshinda yeye. Akavuka barabara.

"Ulinipigia mara mbili tu," alimwambia alipofika.

"Ulisema nisirudi."

"Na wewe kila unachoambiwa unafuata?"

"Ndiyo kazi yangu," alisema, kisha akaona jinsi anavyotazamwa. "Nilitaka kuja na jibu la sakafu kwanza. Nikija kabla, ungedhani nakuja kuomba msamaha kwa kuwakatalia. Na kwa hilo siombi msamaha, Kidosho. Kwa mengine naomba. Kwa kutokukueleza vizuri pale getini, kwa kukuacha ulie peke yako. Niliona machozi yako."

"Sikulia."

"Haya, hukulia."

Mkono wa Mkaguzi ulitoka mfukoni, ukasimama katikati, haujui pa kwenda. Kidosho aliushika ili usihangaike.

"Nimesikia nina mchumba," alisema.

Mkaguzi aliiva uso mzima. "Mama Futi."

"Mama Futi. Anasema mpaka mlinzi anajua. Umewaambia watu wote hao kabla yangu! Mimi nimejulishwa nimechuchumaa kwenye ngazi, nimeshika ncha ya futi."

"Nilikuwa naogopa kukuuliza."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utakataa. Na ukikataa, inabidi nirudi kwa mkuu, mbele ya wote, nimwambie sababu haipo tena. Naweza kuikagua nyumba hii kama nyumba nyingine yoyote."

Ng'ambo ya barabara, geti lilikuwa wazi. Mama alikuwa amefika pale polepole na mkongojo wake, Kaka upande mmoja na Mama Futi upande mwingine, na nyuma yao Fundi akinyoosha shingo. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kujifanya hasikilizi. Kidosho aliwatazama, akamtazama tena mtu wake, na moyo wake ulitulia namna ambayo haukuwahi kutulia tangu siku ile ya michoro.

"Kamwambie mkuu wako," alisema, kwa sauti ya kuwatosha wote, "nyumba hii hutaikagua maisha yako yote."

Kisha akamvusha barabara, akamwingiza nyumbani.